Mkwaruzo wa Ampu ya Zamani Ndani ya Pedali

Kama redio yako iko mbali, isogeze karibu, maana leo nataka tuzungumzie sauti iliyochafuka, tena iliyochafuliwa kwa makusudi.

Nianze kwa kuwauliza. Umewahi kukaa harusini karibu na spika, MC akapandisha sauti kupita kiasi, spika ikaanza kukoroma hadi maneno hayasikiki? Bila shaka umewahi. Fundi mitambo hukimbilia kupunguza, na ukumbi mzima humshukuru. Sasa mchukue mpiga gitaa wa roki, umweke palepale. Yeye atamwambia fundi: acha hapohapo, usiguse! Mkoromo uliowakera wageni ndio anaoutafuta, na yuko tayari kuulipia. Wapiga gitaa huuita ovadraivu. Mimi jioni hii nitauita mkwaruzo, na tutaelewana.

Najua wengi wenu mmekulia kwenye rumba na muziki wa dansi, ambako gitaa la solo hulia safi na kila noti hujitenga na mwenzake. Mtaniuliza, mkwaruzo unatuhusu nini sisi? Nawakumbusha bendi ya Konono N°1 ya Kinshasa. Mwanzilishi wake, Mzee Mawangu Mingiedi, alitaka likembe, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, isikike juu ya kelele za jiji, akaunda maikrofoni kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, akaunganisha na mitambo ya kuokoteza. Mlio ukatoka umechafuka. Hakuusafisha. Katikati ya miaka ya 2000 albamu yao Congotronics ilivuka mipaka, na watu wa Ulaya na Marekani wakaucheza mkwaruzo uleule wa mitaani Kinshasa. Kwa hiyo tusijitenge na mada hii mapema.

Mada yenyewe ni hii. Kuna ampu za gitaa za miaka ya 1970 na 1980, za transista, nzito, zilizodharauliwa zamani na kupendwa sasa. Zilizobaki zimezeeka, bei imepanda, na hakuna mwanamuziki anayefurahia kupanda daladala akiwa na ampu na spika zake. Basi mafundi wamejiuliza: je, ule mkwaruzo tunaweza kuuhamishia kwenye pedali, kile kisanduku cha chuma kinachokanyagwa kwa mguu? Jibu langu ni kwamba inawezekana, na kwa ampu ya transista ni rahisi kuliko kwa ampu ya valvu, zile taa za kioo za mitambo ya zamani. Lakini sehemu ya mlio haisafiri, na fundi asiyejua ni sehemu gani atahangaika bure na rezista zake.

Twende taratibu. Mkwaruzo hutokeaje?

Umeme unaotoka kwenye gitaa ni wimbi linalopanda na kushuka. Ampu hulikuza. Lakini haiwezi kulikuza kupita volti ilizopewa. Chukulia mtu mrefu aliyeingia chumba chenye dari fupi: akijinyoosha, kichwa kinagonga. Vilele vya wimbi navyo hugonga dari vikakatwa. Wimbi lililokuwa la mviringo linakuwa bapa juu na chini, na kule kukatwa huzaa sauti mpya ambazo hazikuwamo kwenye waya wa gitaa. Hizo sauti za ziada ndizo sikio linazozisikia kama mkwaruzo.

Je, vilele vyote hukatwa namna moja? Hapana, na utamu wote uko hapa. Vikikatwa ghafla, mlio huwa mkali, unachoma. Vikianza kuinama kidogokidogo kabla ya kukatwa, mlio huwa mnene. Juu na chini zikikatwa sawasawa, sauti zinazozaliwa ni za namba witiri: mara tatu ya noti uliyopiga, mara tano, mara saba. Upande mmoja ukikatwa kuliko mwingine, za namba shufwa nazo huingia, na sikio huhisi tofauti hata kama mwenyewe hawezi kuieleza. Shikeni hilo: kila ampu ina namna yake ya kukata wimbi. Anayetaka kuhamisha mkwaruzo anahamisha namna ya kukata, pamoja na kinachotokea kabla na baada ya kukata. Nitalirudia baadaye.

Sasa niwape kisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Nashville kule Marekani, mwimbaji Marty Robbins alirekodi wimbo unaoitwa "Don't Worry". Mpigaji Grady Martin alikuwa na gitaa la besi, na mtambo wa studio ulikuwa na hitilafu kwenye chaneli aliyounganishwa. Besi ikatoka inakoroma. Wakauacha mkoromo ule kwenye rekodi, na wimbo ukapata umaarufu mkubwa. Wanamuziki wengine wakaanza kuja studio wanataka sauti ileile. Fundi mitambo Glenn Snoddy afanye nini, na hitilafu haiagizwi dukani? Akakaa akaunda saketi ndogo ya transista inayoiga hitilafu ile. Kampuni ya Gibson ikaichukua, na mwaka 1962 ikaingia sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Miaka mitatu baadaye Rolling Stones wakaitumia kwenye wimbo wao "Satisfaction", na dunia nzima ikaisikia.

Mmeona? Pedali ile, mama wa pedali nyingi za mkwaruzo zilizofuata, ilitokana na kunakili mtambo mbovu. Kwa hiyo fundi wa leo anayekopi ampu iliyozeeka anafuata desturi ya miaka zaidi ya sitini.

Tuje kwenye ampu za transista zenyewe. Zilipoanza kuuzwa kwa wapiga gitaa miaka ya 1960 zilionekana ni ukombozi: nyepesi kuliko zilizotangulia, hazina valvu za kupasuka, hazisubiri kupata moto. Kampuni ya Fender ilitoa zake mwaka 1966. Hazikupendwa, na baada ya miaka michache ziliondolewa. Lawama ilikuwa ileile kila mahali: zikizidiwa zinakata ghafla na kuchoma masikio. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli wake, ila baadaye ikawa wimbo wa kila mtu, hata wa wasiowahi kuzigusa. B.B. King, yule aliyepiga Kinshasa mwaka 1974 kwenye tamasha la kabla ya pambano la Ali na Foreman, baadaye alitumia kwa miaka mingi ampu ya Lab Series L5, nayo ni ya transista. Nani atamwambia B.B. King kwamba hakujua mlio mzuri?

Na kuna Roland JC-120 ya mwaka 1975, ambayo bado inatengenezwa. Hiyo watu huipenda kwa usafi wake na kwa ile korasi inayoufanya mlio uelee. Mwaka 1976 Boss, tawi la Roland wenyewe, ilitoa pedali yake ya kwanza, CE-1, na ndani yake kulikuwa na saketi ileile ya korasi iliyotolewa kwenye ampu hiyo. Kwa hiyo kuhamisha kipande cha ampu ya transista hadi kwenye kisanduku cha mguu si ndoto. Wenye ampu wenyewe walishafanya. Lakini JC-120 ina pia kitufe cha mkwaruzo, na sijakutana na mtu anayetaka huo uhamishiwe popote. Ubaki ulipo.

Ampu ninayotaka tuiangalie kwa karibu ni nyingine: Sunn Beta Lead. Kampuni ya Sunn ilianzishwa Oregon, kaskazini magharibi mwa Marekani, miaka ya 1960, na ndugu wawili, Conrad na Norm Sundholm. Norm alikuwa mpigaji besi wa bendi ya The Kingsmen, na ampu za wakati huo hazikumtosha, ndipo kaka na mdogo wakajitengenezea. Beta Lead ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Ina chaneli mbili, kila moja na voliumu yake ya kuchafua, na unaweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine kwa mguu. Wakati ule waliokuwa na pesa walitaka valvu, kwa hiyo hizi zikashuka bei mitumbani. Vijana wakazinunua. Buzz Osborne wa The Melvins, bendi ya jimbo jirani la Washington, aliijengea jina, akapiga nayo muziki mzito wa kasi ya kobe. Baadaye Red Fang wa Oregon nao wakaifuata. Leo anayeitafuta anashindana na wengi.

Kwa nini Beta Lead inafaa kuhamishwa? Hebu nieleze tofauti. Kwenye ampu ya valvu, sehemu kubwa ya mkwaruzo mzuri hutoka nyuma kabisa, kwenye valvu kubwa zenye mamia ya volti na transfoma nzito inayoziunganisha na spika. Hiyo huwezi kuitia kwenye kisanduku cha ukubwa wa kiganja. Kwenye Beta Lead, mkwaruzo huzaliwa mbele, kwenye saketi ndogo yenye volti kidogo, kabla wimbi halijafika kwenye transista za nguvu. Na kinachokata ni chipu ya aina ya CMOS, jamii ileile ya chipu zinazotumika kwenye kompyuta na saa za kidijitali. Vitu hivi bado vinauzwa, tena kwa bei ya kikombe cha chai.

CMOS kwenye gitaa? Naam, na siyo Sunn peke yao. Fundi na mwandishi Craig Anderton alichapisha miaka ya 1970 saketi ya mkwaruzo inayotumia chipu ya 4049, na pedali nyingi zimezaliwa kutoka kwenye saketi ile. Ndani ya 4049 kuna vigeuzi sita. Kazi yake halali ni rahisi: ikipewa volti inatoa sifuri, ikipewa sifuri inatoa volti. Lakini ukichukua rezista ukaunganisha mlango wa kutokea na mlango wa kuingilia wa kigeuzi kimoja, kinajituliza katikati, nusu ya volti, kisipande wala kisishuke. Hapo kinageuka kuwa kikuza sauti. Na kinapozidiwa hakikati ghafla. Kinaanza kuinama mapema, vilele vinajikunja kabla ya kuwa bapa. Ndiyo maana mlio wake una unene ambao watu hawakuutarajia kwa transista.

Kwa walio na chuma cha kuchomelea mkononi, nisimame hapa kidogo. Nunua ile iliyoandikwa UB mwishoni. Isiyo na UB imeongezewa hatua nyingine ndani, inakuza kupita kiasi na itaanza kupiga filimbi yenyewe. Pili, angalia miguu. Chipu nyingi za jamii hii zenye miguu 16 huingiza umeme mguu wa 16; hii huingiza mguu wa 1, na wa 16 hauna kazi. Usiamini mazoea. Tatu, vigeuzi usivyovitumia usiviache wazi; milango yao ya kuingilia iunganishe na ardhi, la sivyo vitakuletea kelele na joto. Na jambo la nne litakushangaza: ukipunguza volti za chipu hii, inazidi kukuza. Weka rezista ya kilo-omu moja kati ya betri na chipu, kama ilivyo kwenye pedali kadhaa za ukoo huu, volti zitashuka na mkwaruzo utakuwa mnene zaidi. Wengine wakitaka nguvu huongeza umeme. Hapa unapunguza.

Haya, tuseme ampu iko mezani. Unaanzia wapi? Unaanza na usalama wako. Ampu ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi zetu za 230 au 240 bila transfoma ya kushusha, mazungumzo yameishia hapo. Na hata ikichomolewa, kapasita kubwa za ndani hubaki na umeme. Zitoe umeme kwa rezista na uzipime kwa multimita kabla ya kuweka kidole.

Kisha unatafuta mchoro wa saketi, halafu unamfuata mkataji. Namna gani? Unaingiza wimbi dogo la hezi 1000 mahali pa kuchomeka gitaa, unashika waya wa osiloskopu, kile kifaa kinachoonyesha wimbi kwenye kioo, unapima baada ya kila hatua huku ukizungusha voliumu ya kuchafua. Hatua ya kwanza wimbi ni mviringo. Ya pili mviringo. Ya tatu, ghafla unaona vilele vimeinama. Umempata. Na hapa wengi hukopi hatua hiyo moja wakafunga kisanduku, kisha wanalalamika kwamba mlio haufanani. Nilisema nitalirudia: tunahamisha namna ya kukata, pamoja na kilicho kabla na baada. Kapasita iliyo kabla ya mkataji ndiyo inayoamua besi kiasi gani ifike kwake. Besi ikizidi, mkwaruzo unakuwa uji. Voliumu za besi, kati na juu zilizo baada yake ndizo zinazoupa umbo. Chukua vyote.

Halafu lipo suala la volti. Hatua nyingine za ampu hizi hutumia chipu za kawaida za kukuza sauti zenye volti 15 juu na 15 chini, jumla 30. Pedali ina 9. Dari imeshuka! Hatua iliyokusudiwa kubaki safi itaanza nayo kukata, na utapata mkwaruzo juu ya mkwaruzo. Ufanye nini? Unaweza kuweka chipu ndogo ya kuzidisha volti, ikageuza 9 kuwa 18. Au unapunguza ukuzaji wa hatua hizo ili wimbi lisifike darini. Mimi hupendelea njia ya pili, kwa sababu chipu za kuzidisha volti zisipopangwa vizuri huleta mluzi mwembamba, na mluzi ndani ya mkwaruzo ni mateso.

Kuna ubishi mmoja wa mafundi ambao sina budi kuugusa. Ampu ina miaka zaidi ya arobaini. Rezista zake zimeshahama na kapasita zimekauka. Je, ukopi mchoro wa kiwandani, au ukopi hii iliyo mezani? Wapo wanaoapa kwa mchoro. Mimi nasema, kama ampu hii hii ndiyo iliyokupendeza, pima sehemu zake moja moja, inua mguu mmoja wa rezista uisome, andika. Thamani iliyohama inaweza kuwa ndiyo siri. Lakini kapasita zilizokauka kwenye sehemu ya umeme ni ugonjwa. Badilisha kwanza, sikiliza tena, ndipo ukopi. La sivyo utanakili mvumo wa umeme na kuuita urithi.

Sasa, ile sehemu isiyosafiri ni ipi? Ni spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 haipigi sauti zote. Ikipita takriban hezi 5000 inaanza kushuka kwa kasi, na sauti chafu nyembamba kabisa zilizozaliwa kwenye kukatwa huishia hapo. Ile pedali uliyoikopi kwa uaminifu, ukiichomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisa au ukumbi, itachoma masikio, na watu watasema fundi hajui. Fundi anajua, spika ndiyo iliyokosekana. Ongeza saketi ndogo ya kukata sauti za juu mwishoni mwa pedali, yenye swichi, uiwashe unapokwenda kwenye mikisa na kuizima unapokwenda kwenye ampu.

Na ukienda kwenye ampu nyingine, uchomeke wapi? Wengi huchomeka mbele, mahali pa gitaa. Hapo pedali yako, ambayo tayari ni sehemu ya mbele ya ampu nzima, inaingia kwenye sehemu ya mbele ya ampu ya pili. Besi na treble zinapangwa mara mbili, na ampu nyingi hupunguza sauti za kati zenyewe bila kukuuliza. Kama ampu yako ina tundu la nyuma lililoandikwa Return, chomeka humo. Utaruka sehemu ya mbele yote, na pedali itasukuma transista za nguvu na spika moja kwa moja, kama ilivyokuwa kwenye Sunn.

Mwisho wa kazi ni kulinganisha. Ampu ya zamani upande huu, pedali upande ule, gitaa lilelile, spika ileile. Sawazisha ukubwa wa sauti kwanza, kwa kipimo, usikadirie. Kinachopiga kwa nguvu zaidi siku zote huonekana kizuri zaidi, na fundi aliyechoka humpendelea mtoto wake. Mwite mwenzako ageuze swichi wewe ukiwa umempa mgongo. Ukishindwa kusema ipi ni ipi kwenye noti nzito, jaribu tena kwa kupunguza voliumu ya gitaa hadi nusu. Hapo ndipo kopi nyingi huumbuka: ampu husafika pole pole, pedali hukatika au hufifia. Ikiumbuka, rudi kwenye ile rezista ya kigeuzi na ile kapasita ya kabla yake, ubadilishe kimoja kwa wakati.

Muda umenibana, wasikilizaji. Juma lijalo tutafungua pedali ya korasi. Wenye maswali leteni.